Karibu Kando ya Kitanda: Utangulizi wa Elimu ya Kumuuguza Mgonjwa Asiyeinuka

Mgonjwa akipokelewa hospitalini, Kiswahili hakisemi ameingia. Kinasema amelazwa. "Mama yuko wapi?" "Amelazwa Vwawa." Tumelizoea neno hilo hata hatulisikii tena, ilhali limebeba imani nzima ya tiba: mtu aliyezidiwa kwanza alazwe, na akishalala palipo pake, godoro likiwa na shuka safi, nusu ya kazi imekwisha. Elimu ninayokukaribisha ilizaliwa siku watu walipoanza kulitilia shaka neno hilo.

Ninakuandikia wewe mwanafunzi wa uuguzi au wa utabibu, wewe mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na wewe binti au mkwe ambaye hujawahi kukanyaga chuo cha afya lakini usiku huu una mgonjwa chumba cha pili. Mawazo yangu yako Itaka, kata ya wilaya ya Mbozi katika mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ningeweza kuandika nikiwa na wodi ya Dar es Salaam mbele ya macho, lakini huko kuna mashine nyingi, na mashine humfanya msomaji adhani elimu hii ni ya mashine.

Mfikirie mama wa miaka 60 na kitu, mchumaji wa kahawa. Mwezi wa saba, kahawa ikiwa imeiva, anaanguka shambani. Mdomo umepinda, mkono na mguu wa kulia havina nguvu. Watoto wanakodi gari, wanamfikisha hospitalini Vwawa, analazwa siku kadhaa. Presha inashuka, anaruhusiwa. Nyumbani anatandikiwa kitanda cha ndani kwa sababu Mbozi usiku wa Julai ni baridi, majirani wanakuja kutoa pole, na kila mmoja anaacha agizo lilelile: muacheni apumzike. Wanamuacha apumzike. Wiki ya tatu ameanza kutamka maneno vizuri, nyumba imejaa matumaini. Asubuhi moja anashikwa ili aketi anywe chai, anasema kifua kinabana, anahema mara chache, anakata roho. Msibani wapo watakaosema presha imempanda tena, na wapo watakaonong'ona kwamba kuna mkono wa mtu.

Mama huyo nimemtunga mimi. Kifo chake sikukitunga. Aliyeuguza watu wengi atakuwa amekiona, na huenda hakujua jina lake: bonge la damu lililoota kimya katika mshipa wa mguu uliolala wiki tatu, likang'oka, likaziba njia ya damu ya mapafu. Kiharusi kilimwangusha, lakini kilichomuua ni kule kulala.

Basi hili ndilo ninalotaka ulishike kabla ya mengine yote: kitanda ni dawa. Kina kipimo chake na kina madhara yake, na anayemwandikia mgonjwa kulala anapaswa kumwandikia vilevile namna ya kutolala.

Fikra hii si ya zamani sana. Mwaka 1947 daktari wa London, Richard Asher, alichapisha makala fupi kuhusu hatari za kitanda, akipita kiungo baada ya kiungo: mapafu, mishipa ya damu, ngozi, misuli, mifupa, njia ya mkojo, tumbo, hadi akili. Wenzake walikuwa wamezoea kumfungia kitandani kwa wiki kadhaa mtu aliyejifungua au aliyepasuliwa ngiri, na waliona huo ndio upole. Miaka mitatu kabla yake, Februari 1944, Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia Ujerumani, alikabidhiwa wodi ya askari waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Majeruhi wa aina hiyo walikuwa wakihesabiwa ni wafu wanaongoja siku. Wengi waliuawa na vidonda na uchafu wa mkojo ulioingia katika damu. Guttmann aliagiza wageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku, na mara nyingi alikuja mwenyewe usiku kuona kama agizo linafuatwa. Vifo vikapungua sana. Kufikia mwaka 1948 baadhi yao walikuwa wakishindana kulenga shabaha kwa mishale wakiwa kwenye viti vya magurudumu, na kutoka uwanja ule mdogo ikazaliwa michezo ya Paralimpiki. Kila ninapofundisha somo hili huanza na wodi ile, kwa sababu hapakuwa na mashine mpya ndani yake iliyoweza kueleza tofauti kubwa namna hiyo. Palikuwa na mikono na saa ya ukutani.

Jaribio la mwaka 1966 kule Dallas, Marekani, lilitoa ushahidi wa namna nyingine. Vijana watano wa miaka 20, wazima kabisa, walilazwa siku 20 bila kuinuka. Uwezo wa miili yao kutumia hewa ya oksijeni wakati wa kazi ngumu ulishuka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye watano walewale walipimwa tena, na ikaonekana kwamba wiki tatu za kitanda zilikuwa zimewapunguzia uwezo huo zaidi kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Hao walikuwa vijana wasio na ugonjwa. Sasa mrudie yule mama wa Itaka.

Tuingie katika damu, ambako nitakaa nawe muda mrefu kuliko kwingine.

Mwaka 1856 Rudolf Virchow, tabibu wa Ujerumani, alieleza jinsi mabonge yanayokutwa katika mapafu ya maiti yanavyotoka mbali, katika mishipa ya miguu na nyonga, yakasafirishwa na damu. Waliomfuata wakapanga mafundisho hayo katika sababu tatu ambazo kila mwanafunzi hukariri: damu inayotuama, ukuta wa mshipa ulioumia, na damu yenyewe kuwa tayari kuganda. Mkulima wa Mbozi anayeosha kahawa anaijua sababu ya kwanza bila kusoma. Maji yakienda kasi mtaroni, kila kitu kinaelea na kupita. Yakipunguza mwendo, vilivyokuwa vikielea vinatua na kushikana pembeni.

Mguuni kinachoyapa maji hayo kasi ni shavu la mguu. Kila hatua unayopiga, msuli huo unaikamua mishipa iliyo ndani yake na kuisukuma damu juu kuelekea moyoni, na valvu ndogo ndani ya mshipa huizuia isirudi chini. Mtu anayelala siku nzima amezima pampu hiyo. Damu hujikusanya nyuma ya valvu, huzunguka palepale, na hapo bonge huanza. Huenda mguu mmoja ukavimba, ukawa na joto na kuuma pale shavuni. Huenda pia usionyeshe chochote mpaka siku bonge linapong'oka. Likipita upande wa kulia wa moyo na kukwama mapafuni, mgonjwa hubanwa kifua ghafla, hukosa pumzi, mapigo ya moyo hukimbia, pengine hukohoa damu au kuzimia.

Haihitaji hata ugonjwa. Mwaka 1940, ndege za Ujerumani zilipokuwa zikiipiga London kwa mabomu, watu walikesha kwenye mahandaki wakiwa wameketi kwenye viti vya turubai ambavyo ubao wake wa mbele ulibana nyuma ya mapaja. Daktari wa uchunguzi wa maiti, Keith Simpson, aligundua kwamba vifo vya ghafla vya mabonge ya mapafu vilikuwa vimeongezeka mara sita vikilinganishwa na miezi ileile ya mwaka uliotangulia, na akashauri watu wapewe vitanda vya kujinyoosha. Watu wa Tunduma, mji wa mpakani katika mkoa wetu, wanaopanda basi kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, wana kisa cha kujifunza hapo: shuka basi linaposimama, tembea.

Hatari haigawanywi sawa. Inapanda kwa aliyevunjika paja au nyonga, aliyetoka kupasuliwa, mwenye saratani, aliyewahi kupata bonge, mzee, mnene sana, na yeyote aliyekaukiwa maji mwilini. Katika ukanda wetu kuna makundi mengine ambayo vitabu vya nje huyataja kwa pembeni tu. Kifua kikuu na maambukizi ya Virusi vya Ukimwi huifanya damu iwe nyepesi kuganda, nasi tuko karibu na mji huo wa mpakani na barabara kuu ya malori. Kijana wa bodaboda aliyegongwa kwenye barabara hiyo na kuvunjika paja hulazwa wiki sita au zaidi mguu ukining'inizwa uzito. Namna hiyo ya kuunga mfupa ndiyo inayomweka katika hatari ambayo nondo ya ndani ya mfupa ingemwepusha. Ndiyo maana ninalitaja hapa shirika la SIGN, lililoanzishwa na daktari Lewis Zirkle huko Marekani mwaka 1999, ambalo nondo zake zimeundwa zifungwe hata pasipo mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Mgonjwa aliyewekewa anaweza kusimama kwa magongo mapema. Huo nao ni uzuiaji wa mabonge, ingawa kitabu cha upasuaji hakiuiti hivyo.

Na yuko mzazi. Ujauzito huandaa damu kuganda ili mama asimwage nyingi siku ya kujifungua, na hali hiyo huendelea takriban wiki sita baadaye. Ziangalie wiki hizo sita: ndizo siku arobaini ambazo jamii zetu nyingi humtunza mzazi ndani. Desturi hiyo ina hekima kubwa, mama anakula, anakandwa, anapumzishwa, anaepushwa na kazi. Sitaki iondoke. Ninachoomba ni kwamba mzazi aliyefanyiwa upasuaji atembee uani kutwa mara kadhaa, na anayemlea ajue kuuliza habari za mguu mmoja unaovimba.

Kwa muda mrefu madaktari wa Afrika Mashariki walifundishwa kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Mmoja wa waliolieneza wazo hilo kwa nia njema alikuwa Denis Burkitt, yule daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, ambaye saratani ya taya za watoto inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1972 aliandika kwamba mabonge ya mishipa ya miguu ni nadra kwa Waafrika wa vijijini, akalihusisha jambo hilo na chakula chetu chenye makapi mengi. Juu ya umuhimu wa makapi katika chakula alikuwa na mengi ya kweli. Lakini ugonjwa usio na dalili za nje hauonekani na daktari asiye na chombo cha kuutazama, na kadiri utrasaundi na picha za CT zilivyosambaa barani, mabonge yalionekana miguuni na mapafuni mwetu pia. Hukumu yangu ni kwamba imani ile ilitugharimu sana. Muuguzi hatafuti kitu alichoambiwa hakipo.

Dawa zipo, na historia yake inavutia. Heparini iligunduliwa mwaka 1916 na mwanafunzi wa udaktari, Jay McLean, alipokuwa akitafuta kitu kingine kabisa katika ini la mbwa. Warfarini ilitokana na ng'ombe wa Amerika ya Kaskazini waliovuja damu hadi kufa baada ya kula majani yaliyooza; ilianza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya kabla haijawa dawa ya watu. Mwaka 1975 Vijay Kakkar na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio la wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 4,000: katika kundi lisilopewa kinga 16 waliuawa na mabonge ya mapafu, katika kundi lililochomwa heparini kidogo kidogo walikufa wawili. Tangu siku hiyo hakuna anayeweza kusema mabonge ni majaliwa. Heparini, enoksaparini na warfarini zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Ila mtazame mgonjwa wa kiharusi wa Itaka. Pasipo picha ya CT hakuna anayejua kwa hakika kama mshipa wa kichwani umeziba au umepasuka, na dawa inayozuia damu kuganda inaweza kumuua aliyepasukiwa. Ndiyo sababu sindano hizo haziamuliwi kwa kukisia, wala nyumbani kamwe. Soksi ndefu za kubana nazo zilipewa wagonjwa wa kiharusi kwa miaka mingi, hadi jaribio lililoongozwa na Martin Dennis wa Edinburgh mwaka 2009, la wagonjwa zaidi ya 2,500, likaonyesha kwamba hazikuwapunguzia mabonge na ziliwachubua ngozi. Miaka minne baadaye kundi lilelile lilijaribu mifuko ya hewa inayovaliwa miguuni na kubana kwa zamu, ikasaidia: mabonge yalipungua kutoka asilimia 12.1 hadi 8.5. Kwa hiyo familia ya mgonjwa wa kiharusi isitumie pesa ya kahawa kununua soksi.

Kinachobaki nyumbani ni kuirudishia pampu kazi yake. Mwenye fahamu afundishwe kukunja na kunyoosha vifundo vya miguu kama anayekanyaga cherehani, mara kumi kila mguu, kila saa anapokuwa macho. Mguu uliopooza ukunjwe na anayemuuguza. Asiwekewe mto mnene chini ya magoti siku nzima, maana huibana mishipa palepale inapopinda. Anywe maji ya kutosha kama hajakatazwa na daktari. Wagonjwa wengi hujinyima kwa aibu ya kuomba kusaidiwa chooni, na aliye karibu lazima aiondoe aibu hiyo. Aketi, halafu asimame, halafu apige hatua, kwa kadiri tabibu alivyoruhusu.

Na sasa onyo ambalo ningependa lisomwe kwa sauti nyumbani. Kwetu mguu unaouma hukandwa, kwa maji moto, kwa mafuta, kwa mikono yenye nguvu ya mtu anayependa. Mguu mmoja wa mgonjwa aliyelala ukivimba na kuuma, usiukande. Kama mna bonge ndani, mkono wako unaweza kuling'oa. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Kifua kikibana ghafla usingoje hata hiyo siku iishe.

Ngozi ni somo la pili. Mwaka 1962 muuguzi wa Uingereza, Doreen Norton, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti uliozipima dawa za kupaka zilizokuwa zikitumika wodini dhidi ya vidonda vya mgandamizo, na wakaonyesha kwamba kilichokinga ngozi ni kumgeuza mgonjwa mara kwa mara. Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu, na nyama isiyopata damu kwa saa kadhaa huanza kufa, kwanza ndani, karibu na mfupa, kisha juu. Unapoona tundu, uharibifu una siku nyingi. Tazama mfupa wa mkia, nyonga, visigino, vifundo, viwiko, mabega na kisogo.

Vitabu vitakuambia utafute wekundu. Vimeandikwa kwa ngozi nyeupe. Juu ya ngozi yetu wekundu huo mara nyingi hauonekani, na anayeungoja atakutana na kidonda. Tumia nyuma ya mkono wako: sehemu yenye joto au ubaridi kuliko jirani yake, iliyokaza au iliyolegea, iliyoiva kuwa nyeusi zaidi au ya zambarau, inayomuuma akiguswa. Usiisugue. Mgeuze asiilalie.

Watu wenye huruma hutengeneza kata, ileile ya kubebea ndoo kichwani, wakamwekea mgonjwa chini ya makalio ili pale penye mfupa paelee. Nimeiona zaidi ya mara moja na ninajua imetoka moyoni, lakini mviringo huo hubana nyama pande zote na kukata damu ya pale katikati. Mto uliowekwa mgongoni umwegemeze kidogo upande, na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse kitu, hufanya kazi vizuri zaidi. Anapovutwa juu kitandani anyanyuliwe kwa shuka na watu wawili. Kuburuzwa huchana ngozi. Akilowa, akaushwe mara moja.

Kila saa mbili? Hilo ndilo agizo la kale, na kwa godoro la kawaida ndilo la kufuata. Lakini nawajua wanaouguza ambao wamekonda kuliko mgonjwa wao, kwa hiyo ni haki wajue kwamba utafiti wa mwaka 2013 katika nyumba za wazee za Marekani na Kanada, wakazi 942 waliolalia magodoro mazito ya sponji, haukuona tofauti kati ya kugeuzwa kila saa mbili, tatu au nne. Godoro lililobonyea hadi mbao za kitanda zinahisika halimo katika habari hiyo njema. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua godoro.

Utafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu majeruhi wa uti wa mgongo wa Kaskazini Mashariki mwa Tanzania, ulikuta kuanguka kunatangulia ajali za barabarani kama chanzo, na vidonda vya mgandamizo vikawa miongoni mwa madhara yaliyowapata mara nyingi. Majeruhi hao hawahisi wanapobanwa. Jicho la mwingine ndilo hisia yao.

Somo la tatu lipo katika kikombe cha uji. Kiharusi hulegeza koo pamoja na mkono. Mgonjwa aliyelala chali akimiminiwa uji, sehemu yake huenda mapafuni, na baada ya siku mbili tatu homa inapanda na watu wanasema ameshikwa na kichomi kwa baridi. Kabla ya kumlisha mtu aliyepata kiharusi, mwinue aketi wima, akiwa macho kabisa, mpe kijiko kidogo cha maji, umsikilize. Akikohoa, au sauti ikiwa kama ya mtu anayeongea na maji kooni, acha, mrudishe kwa wataalamu. Huko Australia mwaka 2011 wodi za kiharusi zilizowapa wauguzi utaratibu wa kuangalia vitu vitatu, homa, sukari na kumeza, zilipunguza idadi ya waliokufa au kubaki tegemezi kwa kiasi kilichowashangaza wengi. Hapakuwa na mtambo wowote ndani yake. Baada ya kula abaki ameketi nusu saa. Na mswaki: jaribio la Japani lililochapishwa mwaka 1999 lilionyesha kwamba wazee waliosafishwa kinywa kila baada ya mlo walipata nimonia kidogo kuliko wengine. Wengi wetu humwogesha mgonjwa mwili mzima na kusahau kinywa.

Mengine nitayapitia upesi, yana sura zake mbele. Mpira wa mkojo ni mlango wa vijidudu, na kila siku unayouacha hatari inaongezeka. Mfuko ubaki chini ya usawa wa kibofu, na kila siku mtu aulize kama bado unahitajika. Choo kigumu kinataka maji, matunda, mboga na mwendo. Kiungo kisichonyooshwa hukaza, na mkono uliokaza miezi mitatu haunyooki kwa dawa. Mpe mgonjwa dirisha, mpe habari za shamba, mwambie ni siku gani leo. Kabla ya kumgeuza mwambie, "Mama, tunakugeuza sasa," hata kama hajibu.

Lazima pia nikuonye dhidi ya bidii isiyo na kipimo, maana kutembea nako ni dawa. Mwaka 2015 jaribio la AVERT, la wagonjwa 2,104 wa kiharusi katika nchi tano, lilipima kuwaamsha mapema sana, ndani ya saa 24, na kuwafanyisha mazoezi mengi. Waliotazamia ushindi walikuta kinyume: waliosukumwa sana walifanya vibaya kidogo kuliko waliotunzwa kwa kawaida. Uchambuzi uliofuata uliashiria kwamba vipindi vifupi vya mara kwa mara ndivyo vinavyofaa. Ninaipenda elimu hii kwa sababu iliweza kujikosoa hadharani namna hiyo.

Nani atafanya kazi yote hii? Hesabu ya wagonjwa ina mfano wake mzuri nchini. Kati ya Juni 2003 na Juni 2006, watafiti waliifuatilia jamii ya wilaya ya Hai na ya Dar es Salaam na kupata viharusi vipya 636, na kiwango cha Dar es Salaam kilikuwa cha juu kiasi cha kuwashtua wasomi wa dunia. Kila mmoja wa watu hao aliyenusurika siku za kwanza alirudi kwa mtu. Mtu huyo kwa kawaida ni mwanamke, halipwi, hakufundishwa, na kitandani pale anatimiza kazi ambayo Guttmann aliiwekea zamu za wauguzi. Kiswahili kina kitenzi chake, kuuguza, lakini hospitali zetu hazina fomu yake. Mgonjwa anaruhusiwa akiwa na karatasi ya dawa, na binti anayekwenda kumgeuza miezi sita haandikiwi hata mstari mmoja.

Hapo ndipo ninapotaka kizazi chako kifanye kazi. Mfundishe anayeuguza kabla gari la kurudi Itaka halijaondoka. Mwache amgeuze mgonjwa mbele yako, akosee, arudie. Mpe daftari la kurasa 40 na kalamu, achore safu tano: saa, upande aliolalia, ngozi, maji, choo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao serikali iliwaanzishia mpango wao jumuishi Januari 2024, wakipita nyumba kwa nyumba walisome daftari hilo. Kwa kuyakusanya madaftari ya kata moja tu kwa mwaka mmoja, Songwe itakuwa na utafiti wake yenyewe, ulioandikwa na mikono iliyofanya kazi.

Sura zinazofuata zitakupa vipimo, dozi na picha. Lakini kama una mgonjwa nyumbani, usianze na sura ya kwanza. Funga kitabu, nenda chumba cha pili, funua shuka miguuni. Linganisha mashavu mawili ya miguu kama yana unene mmoja, kisha shika visigino.